Nguo ya mtoto haichakai, huachwa

Mitumba ya watoto inaweza kuwa ununuzi bora kuliko wote anaoufanya mzazi mwaka mzima, mradi ajue kuchagua, kukagua na kufua, na akumbuke kuwa nguo ya mtoto haipaswi kuishia kwenye kabati lake

Mtoto anayezaliwa leo huja duniani na urefu wa karibu sentimita 50. Akitimiza mwaka, mama akimpeleka kliniki, kipimo kitaonyesha sentimita 75 hivi, na uzito utakuwa umefika karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Hakuna umri mwingine ambao mwili wa binadamu unakwenda mbio namna hiyo. Katika miezi 12 hiyo mtoto ameshapita saizi nne au tano za nguo, na nyingi kati yake amezivaa kwa wiki chache tu. Nyingine, hasa za zawadi, hazikuwahi hata kufuliwa mara ya pili.

Ndiyo maana mtumba wa mtoto mchanga si sawa na mtumba mwingine wowote. Suruali ya mtu mzima inapofika sokoni imeshakalia viti vya ofisi na mabasi kwa miaka, na mwenyewe ameitoa kwa kuwa ameichoka au imechoka. Ovaroli ya mtoto wa miezi mitatu imetolewa kwa sababu moja: miguu haienei tena. Kitambaa bado kizima, vifungo vyote vipo, rangi haijapauka. Mzazi anayeinunua kwa shilingi 1,000 au 2,000 anapata kitu ambacho dukani, kwa ubora uleule, angekilipia mara kadhaa zaidi.

Nayaandika haya kwa kuwa katika masoko yetu, kuanzia Karume na Tandika jijini Dar es Salaam, Memorial mjini Moshi, Mlango Mmoja jijini Mwanza, hadi Gikomba ya Nairobi na Kongowea ya Mombasa, wanunuzi wa nguo za watoto ni wengi, lakini mazungumzo kuhusu namna ya kuzinunua ni machache. Tunabishana sana kama mitumba ni heri au shari kwa uchumi. Tunasahau kumwambia mama mwenye shilingi 10,000 mkononi na watoto watatu nyumbani namna ya kuitumia vizuri.

Robota linapofunguliwa

Nguo nyingi za mitumba huanza kama sadaka au mzigo uliokosa nafasi. Familia za Ulaya, Marekani, Canada, na siku hizi China na Korea Kusini, huzitoa kwa mashirika ya hisani au kuzitumbukiza kwenye masanduku ya kukusanyia nguo. Kutoka hapo hununuliwa kwa uzito, hupelekwa kwenye maghala ya kuchambulia, hutengwa kwa aina na ubora, kisha hufungwa marobota. Robota la kawaida lina kilo 45. Nguo za watoto hufungwa peke yake, na kwa kuwa ni nyepesi, idadi yake ndani ya robota ni kubwa: kama fulana moja ina gramu 100, kilo 45 ni fulana 450.

Mfanyabiashara hulinunua robota bila kuona kilichomo. Anajua aina na gredi, mengine ni bahati yake. Likifunguliwa asubuhi, wa kwanza kuchambua ni wauzaji wenzake, wenye maduka na wale wanaouza kwa picha za simu. Wao huondoka na gredi ya kwanza. Zinazobaki hupita ngazi tatu. Nzuri hufuliwa, hupigwa pasi na kutundikwa kwenye henga. Za wastani huwekwa mezani. Zilizobaki humwagwa chini kwenye turubai na kunadiwa kwa jero au buku. Nguo ileile inaweza kushuka ngazi zote tatu katika wiki moja, na bei ikashuka nayo.

Mzazi anapaswa kulijua hili kabla hajatoka nyumbani. Anayetaka gauni zuri la harusini au sikukuu awahi asubuhi na akubali kulipa bei ya henga. Anayetaka kaptula sita za kuchezea hana sababu ya kuwahi: jioni kwenye fungu la chini zipo, na muuzaji anayetaka kufunga mzigo hupunguza bei. Akiwa na muuzaji mmoja anayemzoea, atapigiwa simu siku robota jipya la watoto linapofunguliwa.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji wazoefu wanalifahamu. Ubora wa mtumba wa mtoto hupungua kadiri umri wa mtoto unavyopanda. Nguo za mwaka wa kwanza ni nyingi na ni nzima. Kuanzia miaka minne, mtoto anapiga magoti, anapanda miti, anateleza kwenye mchanga, na ukuaji wake umepungua kasi, hivyo nguo hukaa naye muda mrefu hadi ichakae kweli. Suruali nzima ya mvulana wa miaka saba ni adimu sokoni kwa sababu wavulana wa huko nako wana magoti. Ukiikuta, usiiache.

Hali ya hewa nayo ina soko lake. Makoti mazito yanayolala Dar es Salaam bila mnunuzi ni lulu kwa mzazi wa Njombe, Makete au Lushoto, hasa Juni na Julai. Mwenye ndugu huko, au anayesafiri kwenda huko, anaweza kununua koti la mtoto Dar es Salaam kwa bei ambayo kule hataipata.

Lebo ina maana

Makosa mengi ya kununua hutokana na namba ya lebo. Nguo ya Ulaya huandikwa urefu wa mtoto kwa sentimita: 56, 62, 68, 74, 80, na kuendelea kwa kuongeza sita sita. Namba 92 ni ya mtoto mwenye urefu wa sentimita 92, yaani miaka miwili hivi. Namba 104 ni miaka minne, 110 ni mitano, 116 ni sita. Nguo za China nazo mara nyingi hufuata sentimita. Nguo ya Uingereza na Marekani huandikwa umri: herufi M baada ya namba ni miezi, na 2T, 3T au 4T ni miaka ya mtoto mdogo. Namba inapotaja miezi, kwa kawaida ni ukomo wa juu: nguo iliyoandikwa 18M imekusudiwa mtoto wa miezi 12 hadi 18.

Lakini umri wa lebo ni umri wa mtoto wa mahali pengine. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Anayenunua kwa umri atakosea mara nyingi. Njia salama ni kumpima mtoto nyumbani kwa uzi: uzi mmoja kutoka begani hadi kiunoni, wa pili kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu, wa tatu kuzunguka kichwa. Zifunge mafundo, zibebe, zipime kwenye nguo. Uzi wa kichwa ndio husahaulika, nao ndio unaokuambia kama fulana isiyo na vifungo shingoni itapita.

Na hapa nguo inaweza kumwambia mzazi jambo zito kuliko bei. Mtoto wa chini ya miaka miwili anayeendelea kuenea vizuri kwenye nguo za miezi sita iliyopita asishangiliwe kwa kuokoa fedha. Apelekwe kliniki akapimwe urefu na uzito. Nguo zisizoanza kumbana ni dalili kuwa huenda mtoto hakui.

Kagua kwa mikono miwili

Nguo ya mtoto ikaguliwe kuanzia ndani. Igeuze. Tazama mshono wa katikati ya miguu, makwapa na shingo, maana huko ndiko kunakochoka kwanza. Vuta lastiki ya kiuno: ikirudi polepole au ikitoa mlio wa kukatika, imekufa, na kuibadilisha kwa fundi kunaweza kugharimu kuliko nguo yenyewe. Panda na ushuke na zipu mara mbili. Inyanyue nguo kwenye mwanga uone kama goti au kiti kimebaki wavu. Doa la maziwa lililogeuka njano shingoni halitoki kirahisi. Doa la matope hutoka.

Kisha kagua usalama, kwa sababu mtoto hawezi kujieleza nguo inapomdhuru. Kamba za kofia na shingo ziondolewe zote. Kamba hizo zimewahi kunasa kwenye vifaa vya michezo na milango na kuua watoto, ndiyo maana kanuni za Ulaya zimeziondoa kwenye kofia na shingo za nguo za watoto wadogo, na Marekani nayo ilizibana mwaka 2011. Robota, hata hivyo, linaweza kuwa na nguo iliyoshonwa kabla ya hapo. Vuta kila kifungo na kila ua la urembo. Chochote kinacholegea kinaweza kuishia kwenye koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Nguo au kiatu chenye taa au muziki kina betri ndogo ya duara. Mtoto akiimeza ikanasa kooni, inaweza kuunguza nyama za ndani kwa muda wa saa mbili. Kama huwezi kuitoa betri hiyo au kuhakikisha kifuniko chake hakifunguki, acha nguo hiyo sokoni. Ovaroli zenye miguu iliyozibwa nazo zigeuzwe na nyuzi zote zinazoning'inia ndani zikatwe. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto mchanga huzuia damu, na mama husikia kilio bila kukiona kinachoumiza.

Kitambaa ni jambo la kufikiriwa hasa katika nyumba zinazopikia jiko la mkaa au kuwasha koroboi umeme unapokatika. Pamba huwaka, lakini haigandi mwilini. Poliesta na nailoni huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Nguo ya kulalia iliyopwaya hudaka moto upesi kuliko iliyobana, ndiyo maana sheria za Marekani zinataka nguo za kulalia za watoto ziwe za kitambaa kisichoshika moto kirahisi au ziubane mwili. Kwa joto la Pwani, pamba ina faida ya pili: inafyonza jasho, na vipele vya joto hupungua. Ukiwa na shaka na kitambaa, omba uzi mmoja uliolegea na uuchome kando: pamba huacha majivu laini kama ya karatasi, poliesta huacha kidonge kigumu cheusi.

Nguo za ndani usizinunue kabisa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limezipiga marufuku kwa sababu za kiafya, na sababu hizo zinamhusu mtoto zaidi kuliko mtu mzima. Viatu vya mtumba kwa mtoto anayeanza kutembea navyo nisingevishauri, kwa kuwa soli imeshashika umbo la mguu wa mtoto mwingine.

Maji ya moto, jua na pasi

Harufu ya robota ni ya dawa, vumbi na kukaa muda mrefu bila hewa. Nguo isimguse mtoto kabla haijafuliwa. Loweka kwa sabuni usiku mmoja, fua peke yake kwa maji ya moto kama kitambaa kinastahimili, suuza mara mbili, anika juani. Vidudu vya upele haviishi zaidi ya siku mbili tatu nje ya mwili wa binadamu, kwa hiyo havitoki na meli kutoka Ulaya. Vikija, vinatoka kwa mtu aliyeijaribu nguo hiyo juzi sokoni au kwa jirani aliyekugawia. Fangasi wa mapunye ni wavumilivu zaidi, na hukaa kwenye kofia kwa muda mrefu. Kofia ichemshwe, au isinunuliwe.

Pasi ni kinga. Kuna inzi wa nchi za joto anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake hupenya ngozi ya mtoto na kutoa jipu. Joto la pasi linaua mayai hayo, mradi pindo, kola na mishono navyo vipitishwe. Hili ni kwa nguo zote, ziwe za mtumba au za dukani.

Heshima ya mtoto

Mtoto mchanga hajui nguo yake ilitoka wapi. Wa miaka tisa anajua, na wenzake wanajua. Nimesikia wazazi wakimkaripia mtoto anayekataa nguo ya fungu kana kwamba ana kiburi. Si kiburi. Nguo ni uso wake mbele ya wenzake, na mzazi mwenye fedha kidogo anaweza kuulinda uso huo bila kuongeza gharama. Mpeleke sokoni achague mwenyewe kati ya mbili tatu ulizokwisha kuzikagua. Mpe fundi apunguze pindo na kubana kiuno ili nguo imkae. Usitaje bei mbele ya wageni. Nguo iliyofuliwa, ikanyooshwa na kumwenea haina alama ya ilikotoka.

Kwa sikukuu, katika familia nyingi, Idi au Krismasi bila nguo mpya haijakamilika kwa mtoto. Mila hiyo ina thamani, na mitumba inaweza kuitunza badala ya kuivunja. Anayeokoa fedha miezi kumi kwa kununua nguo za kuchezea kwenye mafungu hubaki na za kununua gauni moja au kanzu moja mpya siku yenyewe inapofika.

Sare ni mzigo wa peke yake. Shule za msingi za serikali Tanzania hazitozi ada, lakini shati, sketi, kaptula na sweta bado ni juu ya mzazi, na kila Januari bei hupanda kwa kuwa wote wananunua wiki moja. Mashati meupe na masweta ya rangi moja yapo kwenye mitumba mwaka mzima. Anayenunua Septemba hununua kwa utulivu na kwa bei ya chini. Achukue kubwa kidogo, fundi akunje pindo la ndani la kuteremshwa mwakani.

Viwanda vyetu navyo

Haitakuwa haki kusifu mitumba bila kutazama upande wa pili. Wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 wanakumbuka uhaba wa nguo Tanzania. Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mitumba ikaingia kwa wingi huku viwanda kama Urafiki, kilichofunguliwa 1968, vikizidi kudhoofika. Chanzo hakikuwa mitumba peke yake: mitambo mibovu, umeme usioaminika na nguo mpya za bei poa kutoka Asia vilichangia. Leo sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuwaondolea nafuu ya ushuru ya mpango wa AGOA, na nchi moja baada ya nyingine zikarudi nyuma. Rwanda peke yake ilisimama: ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo.

Maoni yangu ni kuwa ugomvi huu umekuwa wa yote au bure, wakati nguo za watoto zinaonyesha njia ya katikati. Sare, nguo za ndani, fulana za pamba za kulalia na gauni za sikukuu ni vitu ambavyo mafundi na viwanda vyetu vinaweza kuvishona vizuri, kwa pamba yetu, na mahitaji yake hayakomi. Huko ndiko serikali na halmashauri zingeelekeza zabuni na mikopo. Ovaroli ya wiki sita iachwe kwa mtumba, maana hakuna busara kushona mpya kitu ambacho dunia imejaa nacho kikiwa kizima.

Pia tuwe wakweli kuhusu taka. Nguo zisizouzika Gikomba huishia dampo na kwenye Mto Nairobi, na nyingi ni za nyuzi za plastiki zisizooza. Anayenunua lundo kwa kuwa ni jero, akijua nusu haitavaliwa, amebeba taka hiyo nyumbani kwake na kuilipia.

Usiifungie kabatini

Yote niliyoyasema yanatuhusu sisi kama wanunuzi. Lakini kila mzazi aliyenunua ovaroli nzuri leo atakuwa na ovaroli nzuri isiyoenea baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo tunapokosea sana. Nyumba nyingi zina mfuko mweusi juu ya kabati uliojaa nguo za watoto waliokwisha kwenda shule. Tunazihifadhi kwa mapenzi, au kwa kumsubiri mtoto atakayefuata, na wakati huohuo mama wa nyumba ya tatu anapanda daladala kwenda Karume kutafuta zilezile.

Kwa vizazi vingi nguo za watoto zimehama kutoka kwa dada kwenda kwa wifi, kutoka kwa shangazi kwenda kwa mpwa. Mjini, ambako ndugu wako mbali, utaratibu huo unaweza kujengwa upya kwenye vikoba, vikundi vya kina mama wanaokutana kliniki, misikiti, makanisa na kamati za wazazi shuleni. Haihitaji fedha. Zifue, zishone zilipoachia, zifunge kwa saizi, andika namba kwenye mfuko, na zitoe mapema kabla hazijapitwa. Chakavu usimpe mtu: zikate ziwe vitambaa vya kufutia. Kumpa jirani nguo ambayo wewe usingemvika mwanao ni kumdharau ukidai unamsaidia.

Shule zina nafasi kubwa zaidi. Desemba, shule zinapofungwa, kamati ya wazazi ikiweka meza moja ya sare zilizoachwa, aliyeleta ndogo akaondoka na kubwa, familia nyingi zingeingia Januari bila deni. Mwalimu mkuu mmoja na wazazi wachache wenye nia wanatosha kuianzisha mwaka huu.

Robota litokalo Ulaya limetufundisha kuwa nguo ya mtoto aliyekua bado ina maisha. Nguo ya jirani yako ina maisha hayohayo, haijapanda meli, haijalipiwa ushuru, na unamjua aliyeivaa. Kabla hujatoka na shilingi 10,000 kwenda sokoni Jumamosi hii, fungua mfuko ulio juu ya kabati lako, tazama saizi, na ufikirie ni mtoto gani mtaani amefika hapo.